Mafiga Matatu Nyuma ya Ukuta wa Mashariki

Mwaka wa kumi na mbili huu nalala katika chumba cha kwanza kushoto, ukiingia lango la nyumba yetu hapa Kasulu. Nasema yetu kwa mazoea. Ni nyumba ya kanisa, ya watu wasio na pa kulala, nami niliwekwa niitunze nilipostaafu uinjilisti, mwaka uleule mke wangu alipotangulia. Watu wa mjini wanaiita Kwa Wasio na Kwao. Mwanzoni jina hilo liliniudhi. Nilimwomba mwenye duka la jirani asiwaelekeze watu kwa jina hilo, akanijibu kwa upole kwamba akitaja jina lenye heshima hakuna anayefika.

Nyumba ilikuwa na vyumba viwili vikubwa, cha wanaume na cha wanawake, jiko la pamoja, na hicho chumba changu. Vitanda kumi. Miaka ya kwanza vilitosha, hata vingine vilikaa bure. Baadaye watu wakaanza kuongezeka, sikujua kwa nini. Walikuja wazee walioachwa hospitali na ndugu wasiorudi kuwachukua. Walikuja vibarua wa mashamba waliougua na kukosa nauli. Walikuja wanawake wenye watoto mgongoni, wasiotaka kuulizwa. Alikuja mwanamume aliyekaa Dar es Salaam miaka thelathini, akarudi akakuta kaburi la kila mtu aliyemjua. Tukawa watu ishirini, wengine juu ya vitanda, wengine juu ya mikeka katikati.

Watu wale nilijifunza kuwatambua kwa jinsi wanavyosalimiana. Sisi Waha salamu yetu ni ndefu. Mtu anakupigia makofi polepole, anauliza umeamkaje, nyumbani hawajambo, watoto je, mifugo je, mashamba je, halafu anarudi tena nyumbani kana kwamba hakuridhika. Mtu asiye na kwao huifupisha. Anajibu la kwanza, kisha anaangalia pembeni. Nami baada ya muda nikaacha kuuliza ya nyumbani. Niliona ni huruma. Lakini salamu ikifupishwa kila siku, na mwenye kuifupisha naye anabaki na upweke wake. Wanangu wako Mwanza na Dodoma. Hupiga simu Jumapili, wananiuliza habari za nyumbani, nami najibu haraka.

Katika wote waliopita pale, mmoja tu alikaa. Wote walimwita Bibi. Mimi, kwa kuwa tulikaribiana umri, nilimwita Dada, naye akaniita Mwalimu, kama tuitwavyo wainjilisti. Alikuja mwaka wa nne wa kazi yangu, akitokea kijiji kimoja upande wa Kitanga, na mzigo wake ulikuwa mkeka, chungu kidogo cha udongo na sahani mbili za bati. Wiki ya kwanza hakula. Nilipomuuliza akasema chakula cha sufuria kubwa hakimpiti kooni. Akaomba ruhusa aweke mafiga yake nyuma ya ukuta wa mashariki, awe anajipikia maharage yake mwenyewe.

Nilikataa. Tulikuwa na kanuni kwamba moto uwe mmoja, jikoni. Ndipo akanieleza habari yake, kwa sauti ileile ambayo mtu hueleza njia ya kwenda sokoni. Mumewe alipofariki, yeye hakuwa na mtoto aliye hai. Walikaa msiba, wakamaliza. Siku moja akaenda shambani kupalilia. Aliporudi akakuta wana wa shemeji zake wameng'oa mafiga ya jiko lake na kuyatupa njiani, nje ya ua. Hakuna aliyemwambia toka. Kwetu haina haja. Mwanamke akikuta mafiga yake njiani amekwisha kuambiwa.

Siku hiyohiyo nilimruhusu. Akatafuta mawe matatu kule korongoni, akayabeba moja moja kichwani, akayaweka nyuma ya ukuta. Akapika. Usiku ule alikula, na mimi nikamshukuru Mungu kwa jambo dogo hivyo.

Miaka minane aliyapika maharage pale. Jioni nilipokuwa nimekaa kwenye dirisha langu na kitabu cha sala, moshi wake ulikuwa unapita, na baadaye yeye mwenyewe alikuja na bakuli, akaliweka dirishani, akasema, "Mwalimu, yameiva." Mara nyingi hatukusema zaidi. Katika sala ya jioni, mimi nikiongoza, yeye alikuwa wa mwisho kusema Amina, akiivuta baada ya wote kunyamaza. Vijana walikuwa wanacheka. Mimi nilikuwa naisubiri. Sikuwahi kumwambia hivyo, wala sikudhani kuna haja.

Mwaka jana, mwezi wa mvua, alikuja mama mmoja jioni, amemshika mkono mama yake mgonjwa. Chumba cha wanawake kilikuwa kimejaa hadi mlangoni. Mtu alikuwa amelala chini ya meza. Nilisimama langoni nikamwambia hapana nafasi, ajaribu kwa wenyeji karibu na stendi. Hakubishana. Alimgeuza mama yake taratibu, kama mtu anavyogeuza mzigo wa mayai, wakaondoka kwenye tope. Asubuhi nilikwenda stendi, nikauliza kila kibanda. Hakuna aliyewaona. Mpaka leo sijui walilala wapi.

Jambo hilo lilinikaa moyoni. Nililipeleka kanisani, nikasimama mbele nikalisema lote, pamoja na kosa langu, nikalia. Mchungaji akasema tutaongeza nyumba. Tukaunda kamati, na ndani yake tukamwomba muuguzi mmoja wa hospitali ajiunge, mwanamke wa Tanga, Mwislamu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akituletea wagonjwa waliosahauliwa. Alikubali mara moja, ila akasema vikao visiwe Ijumaa mchana.

Tulikubaliana kwamba kila muumini aje ibadani na matofali mawili. Kiangazi kile chote, kila Jumapili, ungewaona watu wakishuka kutoka vilimani na matofali ya kuchoma kichwani, wengine wametoka Heru Juu kwa miguu, wengine wamefunga kwa kamba nyuma ya bodaboda, vitenge vyao vyekundu kwa vumbi la tofali. Watoto walibeba nusu. Mzee mmoja kipofu aliongozwa na mjukuu wake akaleta moja, akaomba radhi kwa la pili. Bibi naye alileta. Sijui aliyatoa wapi. Aliyapanga juu ya rundo, akaondoka akijifuta mikono.

Hapakuwa na pa kujengea ila mashariki. Magharibi ni barabara, kaskazini vyoo, kusini uzio wa hospitali. Mchoro ulionyesha wazi kwamba ukuta wa mashariki utatobolewa mlango, na chumba kipya kitaanzia pale. Niliutazama mchoro ule mara nyingi, nikiwa na miwani na bila miwani. Niliona vitanda. Niliona madirisha manne. Mafiga hayakuwa kwenye mchoro.

Fundi wetu alikuwa mtu mwepesi wa kazi, na alikuwa ameahidi kazi nyingine mbele, kwa hiyo alitaka kuchimba msingi Alhamisi. Bibi hakuwepo. Alikuwa amekwenda Heru Juu siku tatu kumsaidia dada mmoja wa kanisani kupura maharage. Asubuhi ya Alhamisi ilikuwa na baridi ya Julai, ile inayouma masikio, na upepo ulikuwa ukipeperusha vumbi usoni. Tuliomba, tukaimba ubeti mmoja, fundi akakaza kamba kutoka kigingi hadi kigingi. Kamba ikapita juu ya mafiga.

Fundi akauliza, "Mzee, haya mawe ni ya nani?"

Nikasema ni ya Bibi, hayana neno. Nikainama, nikayang'oa mwenyewe, moja baada ya jingine. Yalikuwa meusi kwa masizi na chini yake ardhi ilikuwa ngumu kama sakafu. Nilikuwa na furaha siku ile, naikiri. Nikamtania fundi kwamba mzee wa miaka yangu bado anabeba mawe na vijana wanashika kamba. Njia ya ndani ilikuwa imejaa udongo, kwa hiyo niliyatupa upande wa nje, njiani, ili yasiwasumbue wachimbaji.

Nilikuwa najua habari yake. Hilo ndilo ninaloliandika hapa, si jingine. Kama ningekuwa sijui, ningekuwa mtu aliyekosea tu.

Alirudi siku hiyo alasiri. Nilikuwa nimesimama ndani ya msingi, nimeshika ncha ya kamba. Nikamwona amesimama njiani na furushi la maharage kichwani, pale penye mawe. Alisimama kitambo. Nikampungia mkono, nikapaza sauti kwamba nyumba inapanuka, Dada, utapata kitanda kipya karibu na dirisha. Akaja mpaka ukingoni mwa mtaro. Akatua furushi, akapiga makofi polepole kama tunavyowasalimu wakubwa.

"Asante, Mwalimu," akasema. "Mmenitunza miaka yote hii. Mungu awaone."

Nikamjibu kwamba bado, ngoja uone paa. Nikarudi kwenye kamba yangu.

Jioni ile aliacha dirishani bakuli la maharage aliyoyapika jikoni kwa wote, bila kusema yameiva. Katika sala sikumsikia, nikadhani amechoka na safari.

Asubuhi, mama mmoja Mkongo alinifuata uani. Alikuwa ametoka kambi ya Nyarugusu na kibali cha kumleta mtoto wake hospitali, naye alilala jirani na mkeka wa Bibi. Akaniambia, "Papa, ule mama ameenda yake. Amekunja mukeka, amefunga na sahani. Minamuuliza unaenda wapi, anasema mbele tu."

Nilidhani amerudi Heru Juu kumalizia maharage. Mtu akitaka kudhani jambo jema, sababu hazikosekani. Kazi ilikuwa imepamba moto, watu wa kubeba maji walikuwa wananisubiri, na mimi ndiye niliyejua nani alale wapi wakati ukuta unatobolewa. Ikapita siku moja, mbili, wiki. Siku ya nane jioni nilikaa dirishani na kitabu cha sala nikakuta nasubiri moshi. Hapo ndipo nilipoyakumbuka mawe. Nilitoka na tochi ya simu. Yalikuwa palepale njiani. Mtu alikuwa amekalia moja akila muwa, maganda yalikuwa chini.

Kesho yake nilipanda bodaboda mpaka Heru Juu. Yule dada wa kanisani alishangaa, Bibi hakufika. Alinipa uji, akanitazama nikiunywa, akasema kwamba siku zile tatu Bibi alikuwa mwenye furaha, alikuwa akisimulia nyumba mpya kama mtu anayejengewa na mwanawe.

Nikaenda Kitanga, kwenye kijiji cha mumewe. Nilipanda huku nikijua hayuko, lakini nilikuwa sina pengine pa kuanzia. Mmoja wa wana wa shemeji zake alikuwa akianika muhogo juu ya mwamba. Sasa ni mtu mzima mwenye mvi kidogo. Alinisalimu kwa salamu yote, hadi mifugo ambayo sina, kisha nikamweleza.

Akacheka, si kwa ubaya mwingi. "Mwalimu, sisi tulipomfukuza tulisemwa mpaka madhabahuni. Nyinyi mmemfukuzaje? Kwa pambio au kwa maombi?"

Nikamwambia kwamba nilimng'olea mafiga.

Akaacha kucheka. Akageuza kipande cha muhogo, akakigeuza tena. Baadaye akasema walilifanya neno lile wakiwa vijana, kwa sababu ya shamba, na kwamba shamba lenyewe halikuzaa kitu. Akanielekeza: Bibi alizaliwa Kitahana, huko Kibondo, na kama kuna mtu wa ukoo wake aliyebaki yuko huko. Akanifungia muhogo mkavu kwenye mfuko. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba nikimkuta nisimtaje yeye.

Safari ya Kibondo niliifanya kwa basi, peke yangu. Muuguzi alitaka kunipa mtu wa kunisindikiza, nikakataa. Nilikaa kiti cha dirishani, nikatazama mashamba yaliyochomwa na vilima vilivyobaki vyeusi, na kila tuliposimama nilitafuta kitenge cha bluu kama chake miongoni mwa wanawake wauza ndizi. Nilijaribu kuomba. Nimesomea kuomba, nimewafundisha wengine miaka arobaini. Maneno yalikuja, lakini yalikuwa maneno yangu ya kazini.

Kutoka mjini Kibondo nilipanda pikipiki hadi Kitahana, na huko niliuliza mara nne tu. Kila mtu alikuwa amesikia habari za bibi aliyerudi. Nilimkuta kwa mjane wa mtoto wa kaka yake, mwanamke wa makamo mwenye watoto watano, nyumba ya tope na nyasi, jiko la nje. Walimpa kona ya jikoni, karibu na mbuzi. Alikuwa amekaa chini akichambua maharage, akitoa yaliyotobolewa na wadudu. Aliponiona hakushtuka. Alifuta mikono, akapiga makofi.

"Mwakeye, Mwalimu."

Nikaitikia kwa Kiha. Akauliza nyumbani. Nikasema wazima. Akauliza wote, mmoja mmoja: yule kijana wa mguu mbovu, yule mama Mkongo na mtoto wake, yule mzee wa Dar es Salaam anayekoroma. Nikamjibu wote. Salamu yetu ilichukua muda kuliko salamu yoyote niliyowahi kuitoa katika miaka ile minane, na ilipokwisha sikuwa na pa kujificha.

Nikapiga magoti. Magoti yangu ni mabaya, yule mjane akadhani nimeanguka, akakimbilia kunishika. Nikamwambia Bibi kwamba mafiga ni mimi niliyeyang'oa, kwa mikono yangu, na ni mimi niliyeyatupa njiani.

"Najua," akasema. "Mikono yako ilikuwa na masizi uliponipungia."

Nikamweleza kwamba sikuwa na nia. Kwamba nilikuwa nimeyasahau yale aliyonieleza. Kwamba chumba kimefika kwenye lenta, juu ya madirisha, kitanda chake kiko karibu na dirisha, nami nitamwekea jiko lake upande wowote atakaouchagua.

Aliendelea kuchambua. Mbuzi alimnusa sikio, akamsukuma kwa kiwiko. Mwishowe akasema alifikiri hivyohivyo, kwamba sikuwa na nia. Njia nzima kuja Kitahana alikuwa akinitetea. Alijiambia: Mwalimu ana watu wengi, Mwalimu ana matofali, Mwalimu hakuona. Lakini alipofika hapa na yule mjane akamwuliza, shangazi, kule ulikokuwa walikuondoa, aliona aibu, akasema hapana, nimetoka mwenyewe. Na kwa kuwa amekwisha kusema ametoka mwenyewe, angependa iwe hivyo.

"Nimekusamehe," akasema. "Nilikusamehe kabla ya Kibondo. Lakini, Mwalimu, mimi nimeondolewa mara mbili. Ya tatu sina miguu ya kuibeba."

Nikasema haitakuwapo ya tatu. Akaniangalia kwa wema, kama unavyomwangalia mtoto anayeahidi mvua.

"Utakufa," akasema. "Atakuja mwingine na mchoro wake."

Ilikuwa kweli tupu. Nilifundishwa kuwafariji wenye huzuni kwa mambo ya milele, nami nayaamini kwa moyo wangu wote. Lakini yeye hakuwa na shaka na mambo ya milele. Alikuwa anazungumza kuhusu mahali pa kupikia.

Nilikaa mpaka alipopika. Alitumia jiko la mwenyeji, akiomba ruhusa kwa kila kitu, chumvi, kijiko, kuni. Kila alipoomba niliinama. Tulikula maharage na ugali wa muhogo ule wa Kitanga. Sikumwambia umetoka kwa nani. Wakati wa kuondoka nilimwomba tusali. Nikaanza, na nilipofika mwisho nikanyamaza, nikamsubiri. Watoto watano walisema Amina kwa pamoja, kwa sauti kubwa, na mmoja wao aliendelea kuipiga kelele hadi akanyamazishwa. Kama na yeye alisema, ilifunikwa.

Mvua zilipoanza, chumba kipya kilikuwa kimeezekwa. Vitanda kumi na vinne, madirisha manne. Waumini walikuja kukiona, walitafuta matofali yao ukutani kana kwamba yana alama. Kilijaa kabla ya mwezi kwisha, isipokuwa kitanda kimoja, cha karibu na dirisha la pili. Nilikitandika shuka la bluu. Nilipoulizwa nilisema kina mtu.

Nilimtumia Bibi salamu kwa kila aliyekwenda Kibondo. Zilirudi salamu. Hajambo. Anapura. Mbuzi wamezaa. Mara moja alituma maharage kilo mbili hivi, yamechambuliwa, hakuna hata moja bovu. Hakutuma neno la kuja.

Muuguzi alivumilia. Yeye ndiye aliyekuwa akiona watu wakilala chini huku kitanda kimetandikwa. Siku moja alasiri, tukihesabu mablanketi, alisimama mbele ya kitanda kile, akakunja mikono.

"Mzee wangu," akasema kwa ile sauti yao ya pwani, "kitanda hakikalishwi eda."

Nikamwambia atarudi. Hakubishana. Alisema tu kwamba mimi ndiye niliyesimama kanisani nikalia kwa ajili ya mama mmoja aliyekosa mahali, na kwamba yeye, Mwislamu, aliingia kamati yetu kwa sababu ya kilio kile. Kisha akaendelea na mablanketi.

Nilikaa na maneno hayo wiki mbili. Niliyabeba kwenye sala, nikayarudisha. Nilijua ukweli wake siku ileile, lakini kujua kwangu kumekuwa kukichelewa siku zote. Kitanda kile kilikuwa mahali pekee ambapo bado nilikuwa namngoja mtu. Nikikitoa, basi sitakuwa mtu anayemngoja yeyote. Nitakuwa mzee anayelala chumba cha kwanza kushoto.

Ilikuwa Jumanne, mvua ilikuwa imeacha mchana, barabara ikitoa mvuke. Muuguzi alimleta mwanamke kijana aliyeruhusiwa kutoka wodi ya wazazi, mtoto wa siku tano kifuani, ndoo ndogo mkononi. Hakuna aliyemfuata hospitali. Alisalimia mara moja, akaangalia pembeni. Nikamwuliza ameshindaje, mtoto ameshindaje, na huko alikotoka je. Akasita, akajibu kidogo. Nikauliza tena. Akajibu zaidi, akataja kijiji, akataja mama yake.

Nikampeleka chumba kipya. Wanawake walijisogeza kwenye mikeka kumpisha. Akataka kukaa chini pamoja nao. Nikamwambia asikae chini, nikavuta shuka la bluu kwenye kona iliyokunjika, nikalinyosha.

Akaligusa kwa vidole, akaona limetandikwa kwa uangalifu na halijalaliwa. Akarudisha mkono.

"Babu, hiki si kina mwenyewe? Akirudi atanikuta."

Muuguzi alikuwa mlangoni.

"Harudi," nikasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kulisema kwa mdomo. Msichana akaendelea kunitazama, akitaka kuhakikisha, kwa hiyo nikalirudia, nikaongeza kwamba yuko kwao, hajambo. Ndipo akamlaza mtoto, upande wa ukutani, akakaa karibu naye ukingoni, bado ameshika ndoo.